UZI: George McCready Price, muuza vitabu aliyeibishia jiolojia ya dunia nzima

Mzee wa Maktaba

Wakuu, heshima mbele.

Humu jukwaani haupiti mwezi bila kuibuka uzi wa "dunia ina miaka 6,000" dhidi ya "tumetokana na nyani", watu wanatukanana mpaka modi anafunga. Wengi wanaotetea upande wa Gharika, yaani kwamba visukuku vyote (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe) tunavyoviona kwenye miamba vilizikwa na maji ya Nuhu, wanarudia hoja za mtu mmoja ambaye hata jina lake hawajawahi kulisikia. Wanaowapinga nao hawamjui. Nimeona nimlete. Nani ataingia mbinguni tutajua hukohuko, hapa nataka tumwangalie binadamu mwenyewe, maana maisha yake yanakieleza kitabu chake kuliko kitabu kinavyojieleza.

George McCready Price. Alizaliwa 26 Agosti 1870 huko Havelock, jimbo la New Brunswick, mashariki mwa Kanada. Baba yake alifariki mwaka 1882, mama akajiunga na Waadventista wa Sabato, na kijana akalelewa humo. Akiwa na miaka 17 tu akaoa. Mke wake, Amelia Nason, alimzidi miaka 12. Hapo kuna watu humu wangemwekea kikao cha ukoo. Wao wala, wakabeba mikoba wote wawili wakaingia barabarani kuuza vitabu vya Ellen White, nabii wa Wasabato, nyumba kwa nyumba katika majimbo ya pwani ya Kanada.

Waliokulia kwa Wasabato wanaijua kazi hiyo: mwinjilisti wa vitabu. Shati limefungwa hadi kifungo cha juu, mkoba unakata bega, unapiga hodi, mbwa anatoka kabla ya mwenye nyumba, mwenye nyumba akitoka anakwambia "pitia mwisho wa mwezi". Kazi ile inataka usome sana ili uweze kukisemea unachokiuza, na inakuzoesha kuambiwa hapana bila kutikisika. Shikeni hayo mawili, ndiyo Price mwenyewe.

Shule? Battle Creek College ya Michigan kuanzia 1891 hadi 1893, hakumaliza. Mwaka 1896 akachukua kozi ya ualimu ya mwaka mmoja kwao New Brunswick, na humo akaonjeshwa sayansi za mwanzo, pamoja na elimu ya madini. Masomo ya darasani ya sayansi aliyoyapata maishani ni karibu hayo tu.

Fundi Bomba

Naweka kambi. Ila mkuu usije ukatuacha njiani na "itaendelea".

Mzee wa Maktaba

Haitaendelea, inaendelea sasa hivi.

Akawa mwalimu wa shule za vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1890 akapangwa Tracadie, mji wa wasemaji wa Kifaransa pwani ya New Brunswick. Pale palikuwa na hospitali ya wakoma, na daktari wake, Alfred Corbett Smith, alikuwa msomaji mkubwa. Akamshangaa huyu mwalimu kijana anayebishia nadharia ya mageuko bila kuisoma, akaanza kumwazima vitabu na majarida ya kisayansi.

Price akasoma. Na hapa nampa heshima yake, kwa sababu alisoma kwa haki. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba karibu ashawishike, tena si mara moja: aliona kwamba ukishaikubali jiolojia, yaani umri mkubwa wa miamba na mfuatano wa visukuku, mageuko yanakuja yenyewe nyuma yake. Akaomba sana. Akarudi kwenye kitabu cha Ellen White cha 1890, Patriarchs and Prophets, kinachosimulia kuanzia uumbaji hadi Daudi, na humo akakuta maelezo ya Gharika: misitu na wanyama walizikwa kwa mkupuo, na makaa ya mawe yanatokana na misitu hiyo.

Akaona mlango. Wenzake wote walikuwa wanashambulia nyani, yeye akaamua kushambulia mawe. Kama mfuatano wa tabaka ni uongo, Darwin, mwenye nadharia ya mageuko, hana pa kusimama. Kimbinu alikuwa na akili kuliko wapinzani wote wa Darwin wa zama zake, na hilo nalisema huku nikiamini alikosea.

Binti Same

Shikamooni wakubwa. Nina swali kwa mwenye uzi. Kwa nini Msabato? Mbona Wakristo wengine wa wakati ule hawakuhangaika hivyo na siku sita?

Mzee wa Maktaba

Marahaba binti, umegusa penyewe.

Wahafidhina wengi wa zama zile walikuwa na njia mbili za kupumua. Moja ilisema kila "siku" ya Mwanzo ni kipindi kirefu. Nyingine ilisema kati ya aya ya kwanza na ya pili ya Mwanzo 1 kuna pengo la muda usiojulikana, na hii ilisambaa sana kupitia maelezo ya Biblia ya Scofield iliyotoka 1909. Ukishika mojawapo unaweza kuwaachia wanajiolojia mamilioni yao ya miaka ukalala usingizi.

Msabato hana pa kupumulia. Amri ya nne katika Kutoka 20 inasema pumzika siku ya saba *kwa maana* Bwana aliumba kwa siku sita akastarehe ya saba. Siku ikigeuka kuwa miaka milioni, Jumamosi inabaki siku kama Jumanne. Ndiyo maana imani ya siku sita za saa 24, pamoja na Gharika iliyotengeneza miamba, haikutoka kwa Wabaptisti wala kwa walokole, ingawa leo wao ndio wanaoipigia kelele zaidi. Ilitoka kwa Wasabato, na Price ndiye aliyeivalisha joho la sayansi.

Fundi Bomba

Aisee. Endelea.

Mzee wa Maktaba

Mwaka 1902 akatoa kitabu chake cha kwanza, Outlines of Modern Christianity and Modern Science. Wengine wanautaja huo kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa "jiolojia ya Gharika" ya kisasa. Kwake ulikuwa mwanzo wa shida.

Alipewa shule ya bweni ya kanisa kule Prince Edward Island, haikumkalia. Akarudi kuuza vitabu, havikutoka. Mwaka 1904 akaenda New York akiamini ataishi kwa kalamu, kuandikia magazeti na majarida. Jiji likamtafuna. Familia ikabaki nyuma bila kitu, naye akafika mahali pa kuwaza kujitoa uhai. Mke ndiye aliyewaandikia viongozi wa kanisa kuwaomba wamnusuru mume wake. Wakampa kibarua cha ujenzi Takoma Park, Maryland. Baadaye akawa mkuu wa shule ndogo Oakland, California, kisha mwaka 1906 akaishia Loma Linda, kusini mwa California, kwenye sanatorio (nyumba ya tiba) mpya ya kanisa. Si kama mwalimu. Kibarua na fundi wa mikono.

Na ni mwaka huohuo wa 1906 alipochapisha Illogical Geology: The Weakest Point in the Evolution Theory. Mtu anashinda na nyundo, usiku anaandika kwamba maprofesa wote wa jiolojia duniani wamekosea. Humo akaweka dau: dola 1,000 kwa yeyote atakayemthibitishia kwamba aina moja ya kisukuku ni ya zamani kuliko nyingine. Dola elfu moja za wakati ule, kutoka kwa kibarua!

Kanisa likamwona. Kuanzia 1907 akaingizwa kufundisha palepale Loma Linda, na mwaka 1912 chuo kikampa shahada ya kwanza, kwa sehemu kwa kuzingatia vitabu vyake na kujisomea kwake. Shahada ya pili ilikuja baadaye kutoka Pacific Union College, nayo ilikuwa zaidi zawadi kuliko masomo.

Kisukuku

Mkuu hizo hoja zenyewe mbona huziweki? Isije ikawa unatusimulia njaa zake tu ili tumdharau.

Mzee wa Maktaba

Sawa, tusimwonee. Zilikuwa mbili kubwa.

Ya kwanza: alidai wanajiolojia wanazunguka duara. Unajuaje mwamba huu ni wa zamani? Kwa visukuku vyake. Unajuaje visukuku hivyo ni vya zamani? Kwa sababu viko kwenye mwamba wa zamani.

Ya pili: kuna sehemu ambapo mpangilio umepinduka, miamba "mizee" imekaa juu ya "michanga". Mfano aliouimba sana ni Chief Mountain, Montana, karibu na mpaka wa Kanada. Juu kuna miamba inayohesabiwa leo kuwa na zaidi ya miaka bilioni moja, chini yake kuna miamba isiyofika miaka milioni 100. Wanajiolojia walisema mwamba wa juu ulisukumwa ukateleza ukapanda juu ya mwenzake. Price akacheka: mlima uteleze maili na maili? Kwake ule ulikuwa ujanja wa kuokoa nadharia. Akatunga hadi "sheria" yake, kwamba tabaka lolote lenye visukuku linaweza kukutwa limelala vizuri juu ya lingine lolote, liitwe "changa" au "zee".

Mwalimu wa Jiografia

Nimefundisha somo hili miaka, naomba niingie.

Hoja ya duara inaanguka kwa historia peke yake. Mfuatano wa tabaka haukupangwa na wafuasi wa Darwin. William Smith, mpima wa njia za mifereji Uingereza, aliutambua kwa kutembea na kuchimba, na ramani yake kubwa ikatoka 1815. Kitabu cha Darwin ni 1859. Miaka 44! Na wengi waliomalizia kazi ile walikuwa watu wa madhabahuni. Adam Sedgwick wa Cambridge, aliyelipa jina tabaka la Kambria, alikuwa kasisi. Yeye mwenyewe aliwahi kuamini kwamba changarawe na mabonde ni kazi ya Gharika, kisha mwaka 1831 akasimama mbele ya wanajiolojia wenzake wa London akaifuta kauli yake hadharani, kwa sababu mawe yalimkatalia. Hakuwa na mageuko ya kutetea, na Darwin alipotoa kitabu Sedgwick alikipinga.

Na Chief Mountain: pale mwamba wa juu ulipoteleza unapaona. Miamba imesagika, imejikunja, na mstari wa mteremko unafuatika kwa umbali mrefu. Ni jambo la kwenda kutazama.

Mzee wa Maktaba

"Ni jambo la kwenda kutazama." Mwalimu umenimalizia kazi. Price alibishana na vitabu. Alikuwa msomaji hatari, anajua ukurasa gani profesa fulani kajikanyaga, lakini jiwe mkononi lilikuwa geni kwake. Wanafunzi wake waliowahi kwenda naye safari ya mafunzo walishangaa kuona mwandishi mkubwa wa visukuku anashindwa kutofautisha kisukuku kimoja na kingine.

David Starr Jordan, rais wa Chuo Kikuu cha Stanford na mtaalamu wa samaki na visukuku vyao, aliandikiana naye barua kwa miaka, tena kwa adabu. Alimwambia kazi yake ni utetezi wa mwanasheria hodari, umejengwa juu ya makosa ya hapa na pale na mambo ya nadra, dhidi ya ukweli wa jumla usiopingika. Halafu akampa mfano ambao mimi nimeushindwa kuusahau: ni rahisi vilevile kuchukua matukio yote ya historia ya Ulaya ukajaribu kuonyesha kwamba yalitokea kwa wakati mmoja.

Price hakutikisika. Alishaambiwa hapana kwenye milango mingi kuliko huo.

Kitabu chake kikubwa, The New Geology, kilitoka 1923, kurasa 726, kimepangwa kama kitabu cha kiada, na picha tele. Wakristo wahafidhina wa Marekani, ambao waliwaona Wasabato kama madhehebu ya pembeni, wakamkumbatia kwa mkono mmoja. Mwaka 1926 jarida la Science likamwita mamlaka mkuu wa kisayansi wa Wafundamentalisti, yaani hao wahafidhina wanaoishika Biblia neno kwa neno. Lilikuwa linakejeli kidogo, lakini halikudanganya, maana hawakuwa na mwingine.

Fundi Bomba

Huyo si ndiye wa ile kesi ya mwalimu Marekani?

Mzee wa Maktaba

Ndiye, ila hakuwepo. Kesi ya John Scopes, Dayton, Tennessee, Julai 1925: mwalimu kashtakiwa kwa kufundisha mageuko kinyume na sheria ya jimbo. William Jennings Bryan, aliyegombea urais mara tatu akakosa, yuko upande wa mashtaka, na alimtaka Price aje kuwa shahidi. Price alikuwa Uingereza anafundisha. Akamjibu kwa barua kwamba huu si wakati wa kubishania kama mageuko ni sayansi au si sayansi. Yaani mtaalamu wao mwenyewe alishauri sayansi iachwe mlangoni!

Bryan alipopandishwa kizimbani na Clarence Darrow, wakili wa Scopes, akaulizwa amtaje mwanasayansi anayekubaliana naye. Akamtaja Price. Darrow akamrukia: unamtaja huyo kwa sababu ndiye pekee duniani anayejiandika mwanajiolojia na kuamini unavyoamini, na kila mwanasayansi nchini anajua ni tapeli anayejifanya. Palepale kizimbani Bryan akakubali kwamba siku za Mwanzo huenda zilikuwa vipindi virefu. Ikiwa kuna mtu aliyeumia na jibu hilo kuliko Darrow alivyofurahi, ni Price.

Scopes alitozwa faini ya dola 100. Bryan akafariki siku tano baada ya kesi kwisha. Na Septemba mwaka huohuo Price akapanda jukwaani Queen's Hall, London, kufanya mdahalo na Joseph McCabe, padri wa zamani aliyegeuka mkana Mungu na bingwa wa majukwaa. Price akawaambia wasikilizaji kwamba nadharia ya mageuko inakufa. Akazomewa.

Kendu Bay

Niongeze kitu cha huku kwetu. Chuo alichofundisha Uingereza ni Stanborough Missionary College, Watford, kaskazini mwa London, na mwaka 1927 hadi 1928 alikuwa mkuu wake. Chuo hicho ni mwendelezo wa kile cha Duncombe Hall, London, alikosoma Arthur Carscallen, Mkanada mwenzake, aliyekuja kufungua misheni ya Wasabato Gendia, pwani ya Nyanza, mwaka 1906 akiwa na Peter Nyambo kutoka Nyasa. Kwa hiyo wanaoshangaa kwa nini hoja hizi tulizisikia Sabato shuleni tukiwa wadogo, njia yake ndiyo hiyo: vyuo vilevile, vitabu vilevile.

Binti Same

Na Upareni wamisionari Wajerumani walifika 1903. Bibi yangu alikuwa na makala ya gazeti la kanisa yenye picha ya mfupa mkubwa wa mnyama, anatuambia "huyu alikosa nafasi safinani". Sikujua kuna mtu nyuma ya maneno hayo.

Kisukuku

Mimi swali langu ni moja. Kama visukuku havina mpangilio, wachimba mafuta wanafuata nini? Kampuni haimwagi pesa kwa imani.

Mzee wa Maktaba

Mkuu, hilo swali ndilo lililomvunjia nyumba, na aliyelileta alikuwa mwanafunzi wake kipenzi.

Harold W. Clark alisoma kwa Price Pacific Union College mwaka 1920, kisha akashika nafasi yake ya kufundisha. Alipenda kwenda porini, na baadaye akasoma biolojia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1938 akaalikwa kutembelea visima vya mafuta Oklahoma na kaskazini mwa Texas. Akaona kwa macho: wachimbaji wanashusha bomba, wanasoma visukuku vinavyopanda, wanajua tabaka lijalo ni lipi kabla hawajalifikia. Akamwandikia mwalimu wake kwamba miamba imelala kwa mfuatano ulio dhahiri kuliko walivyowahi kukubali, na kwamba mambo yaliyoandikwa kwenye The New Geology hayalingani na hali ya huko uwandani.

Clark hakuacha imani. Alibaki na siku sita na Gharika, akatafuta maelezo mapya: maji yalipopanda yalizika kwanza viumbe vya baharini, kisha vya nyanda za chini, kisha vya milimani, ndiyo maana tabaka zina mpangilio. Ni maelezo yenye mashimo yake, ila ni ya mtu aliyeona kitu akakubali kwamba amekiona.

Price alikuwa anakaribia miaka 70. Alichemka. Akasema Clark kapata ugonjwa wa akili wa kisasa unaotokana na vyuo vikuu, akapeleka malalamiko kwa viongozi wa kanisa, akaandika kijitabu akiziita nadharia hizo za asili ya Shetani. Barua zao za miaka hiyo hazipendezi. Mtu aliyevumilia ukosoaji wa Jordan na kebehi za Darrow na ukumbi mzima wa London alishindwa kumvumilia kijana wake aliyerudi kutoka kisimani na habari.

Mwalimu wa Jiografia

Na bado mawazo yake yakashinda, kwa idadi ya waumini.

Mzee wa Maktaba

Yakashinda bila jina lake. Henry Morris, Mbaptisti na mhandisi wa maji, alimsoma Price miaka ya 1940 akageuka kabisa. Mwaka 1961 yeye na mwanateolojia John Whitcomb wakatoa The Genesis Flood, kitabu kilichoanzisha wimbi lote la wanauumbaji mnaloliona mitandaoni leo. Chief Mountain imo, hoja ya duara imo. Price kaguswa kwa uchache mno, kwa sababu walijua wasomaji wao wakisikia "Msabato" watakifunga kitabu. Yeye alikuwa bado hai, mzee wa miaka 90 na ushei, na alifariki Loma Linda Januari 1963.

Mwaka huohuo wa 1961, kwa wanaopenda tarehe, ndipo ulipotangazwa umri wa majivu ya volkano yaliyofunika fuvu la kale la Zinj lililopatikana Olduvai, Tanzania: miaka milioni 1.75, kwa kipimo cha potasiamu na argoni. Kipimo hicho hakiangalii kisukuku hata kimoja.

Kisukuku

Kwa hiyo zile dola 1,000...

Mwalimu wa Jiografia

Naomba tuzigawane na wachimba visima.